Kombi Kuukuu Inapokataa Kuwaka: Fuata Njia ya Umeme

Safari ya kutoka Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, kwenda Kasese ni nyepesi mchana na gari likiwa zima. Barabara hupita Bwera, hushuka katika nchi tambarare, na baada ya kiasi cha kilomita 40 huungana na ile ya Mbarara pale Kikorongo, karibu na mstari wa ikweta. Hapo msafiri yumo katika Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952. Tembo huvuka barabara wapendapo, na simba huwinda gizani. Gari likizimika mahali kama hapo usiku, taa zikififia na watoto wakiwa ndani, basi ubovu wa waya mmoja mfupi hugeuka kuwa hatari ya maisha.

Makala hii yawahusu wasomaji wetu ambao bado wanayo kombi ya zamani ya Volkswagen, ile ambayo injini yake iko nyuma na hupozwa kwa hewa. Yawahusu hasa jamaa za askari na polisi. Baba huitwa kazini ghafula, naye mama hubaki na gari, na siku ya kumpeleka mtoto hospitali ya Bwera haichaguliwi. Si lazima kila mtu awe fundi. Lakini yafaa kila mwenye nyumba ajue ugonjwa wa gari lake umekaa upande gani, ili asiuziwe dawa ya kichwa naye anaumwa mguu.

GARI LENYEWE

Kombi ilianza kutengenezwa katika mji wa Wolfsburg, Ujerumani, mwaka 1950. Umbo jipya lenye kioo kimoja kipana cha mbele lilitoka mwaka 1967. Katika miaka ya 1960 na 1970 magari haya yalienea Afrika Mashariki yote, yakibeba watalii, wanafunzi, wagonjwa na mizigo, hata jina lake likawa neno la Kiswahili. Kiwanda cha mwisho kuitengeneza, kule Brazili, kiliiacha Desemba 2013. Kwa hiyo kombi yoyote ya umbo la 1967 iliyotoka Ujerumani ina zaidi ya miaka 40, na waya zake zina umri huo huo kama hazijabadilishwa.

Jambo la kwanza la kuangalia ni nguvu ya umeme wake. Kombi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1966 kwa kawaida zilitumia volti 6. Zile za baadaye hutumia volti 12. Vipimo vyote vya makala hii ni vya gari la volti 12.

USINUNUE KABLA YA KUPIMA

Kosa linalokula fedha za watu wengi ni hili: gari likikataa kuwaka, mwenyewe hukimbilia dukani. Hununua plagi mpya, na gari halijawaka. Hununua koili, bado. Hununua betri, gari likawaka siku mbili, kisha likarudia tabia yake. Mwisho fundi mwenye subira hugundua kuwa ubovu ulikuwa ni nati iliyolegea, au kutu chini ya waya wa betri. Katika gari kuukuu ubovu mwingi wa umeme haumo ndani ya vifaa. Umo katika maungio, yaani pale waya unapokutana na kifaa, au waya unapokutana na bodi.

Umeme ni msafiri ambaye ni lazima aende na arudi. Hutoka katika betri upande wa chanya, hupita katika waya, swichi na kifaa, hufanya kazi, kisha hurudi kwa njia ya bodi ya gari mpaka upande wa hasi wa betri. Wakazi wa Mpondwe waijua habari hii vema. Mfanyabiashara aliyevuka kwenda Kasindi kwa ruhusa kamili hafaidi kitu iwapo njia ya kurudi imefungwa. Vivyo hivyo taa haiwaki, hata waya wake wa mbele ukiwa mzima, ikiwa mahali inapofungwa bodini pameoza.

Kwa sababu hiyo kanuni ni moja: anza kwenye betri, fuata umeme hatua kwa hatua, na usiruke hatua. Pale unapoukuta kabla ya ungio na kuukosa baada yake, hapo ndipo pabovu.

Watengenezaji wametusaidia kwa kuandika namba ndogo kwenye vifaa vya gari. Namba 30 ni umeme utokao moja kwa moja katika betri. Namba 15 ni umeme unaopatikana baada ya kufungua swichi kwa ufunguo. Namba 50 ni waya unaoamrisha stata. Namba 31 ni njia ya kurudi, yaani bodi. Namba 1 juu ya koili ni waya unaokwenda kwenye distributa. Ukizikariri namba hizi tano, umekwisha kuwa na ramani mkononi.

VIFAA NA TAHADHARI

Vifaa vinavyohitajiwa ni vichache: balbu ndogo ya volti 12 iliyounganishwa na waya mbili, ambayo tutaiita taa ya majaribio, bisibisi, spana za kawaida, koleo lenye mpini wa mpira, msasa mwembamba, na kipimio cha nafasi ambacho mafundi hukiita fila. Mwenye uwezo aongeze mita ya umeme.

Kabla ya kugusa kitu, vuta breki ya mkono, weka gia huru, na nusa chumba cha injini. Ikiwa kuna harufu ya petroli, usijaribu cheche yoyote mpaka umepata mahali inapovuja na umepakausha. Mtu yeyote asivute sigara karibu. Vua pete na saa ya chuma, maana vikigusa chanya ya betri na bodi kwa pamoja huunguza nyama papo hapo. Unapotengeneza waya, ondoa kwanza waya wa hasi wa betri. Kumbuka kuwa waya nene za plagi hubeba maelfu ya volti; usizishike kwa mikono mitupu injini inapozunguka. Watoto na wakae mbali.

SWALI LA KWANZA: STATA INAZUNGUSHA INJINI?

Fungua ufunguo na usikilize. Ikiwa injini haizunguki, ama yazunguka kwa uvivu, usishughulike na plagi wala koili. Ubovu uko kati ya betri na stata.

Washa taa kubwa za mbele, kisha mwombe mwenzako ageuze ufunguo wa kuwasha huku wewe ukizitazama. Ikiwa taa zilikuwa hafifu tangu mwanzo, betri imekwisha nguvu au vichwa vyake vina kutu. Ikiwa taa ziling'aa, kisha zikafa kabisa ufunguo ulipogeuzwa, betri ni dhaifu au kuna ungio bovu katika waya nene. Ikiwa taa zaendelea kung'aa na stata imenyamaza, amri haifiki kwenye stata: tazama waya wa namba 50, swichi ya ufunguo, au stata yenyewe.

Mwenye mita apime betri gari likiwa limepumzika. Betri iliyojaa huonyesha kiasi cha volti 12.6. Ikionyesha 12 tu, imekwisha. Stata inapozunguka, kipimo kikishuka chini ya volti 9.6 kwa betri iliyojazwa, betri hiyo imechoka. Lakini kwanza fungua vichwa vya betri, visugue mpaka ving'ae, uvipake grisi kidogo na kuvikaza. Kazi hii ya robo saa imeziokoa betri nyingi zilizokuwa zikitupwa bure.

Sasa tazama njia ya kurudi. Katika kombi kuna waya mbili za bodi ambazo ni lazima ziwe nzima. Mmoja hutoka kwenye hasi ya betri kwenda bodini. Wa pili ni mkanda wa waya uliosukwa, ufungao giaboksi na bodi chini ya gari. Injini na giaboksi vimekalia mipira, na mpira haupitishi umeme. Mkanda huo ukikatika, umeme mkubwa wa stata hukosa njia, ukapita katika kebo za chuma kama ile ya mafuta. Ukiona kebo hiyo inapata moto au kutoa moshi wakati wa kuwasha, usitafute zaidi. Ugonjwa umejulikana.

Hapa wakazi wa Kasese wana adui wa ziada. Gari linalobeba chumvi ya Katwe hudondokewa na maji ya chumvi sakafuni, na chumvi hula chuma na shaba upesi. Mwenye kazi hiyo aoshe sakafu na mvungu kwa maji matamu, na akague waya hizo mbili kila mwezi.

Kuna pia kombi ambayo huwaka asubuhi, lakini stata hunyamaza injini ikipata joto. Waya wa namba 50 hutoka nyuma ya usukani mpaka nyuma kabisa ya gari, na swichi ikichakaa, umeme hufika umechoka. Dawa yake ni kufunga relei karibu na stata: swichi ya zamani huamrisha relei, nayo relei huipa stata umeme moja kwa moja kutoka betri kwa waya mfupi.

SWALI LA PILI: CHECHE IPO?

Ikiwa stata yazungusha injini kwa nguvu na bado haiwaki, hapana budi kujua kama kuna cheche.

Hatua ya kwanza. Fungua ufunguo bila kuwasha. Waya mmoja wa taa ya majaribio uguse namba 15 ya koili, na wa pili uguse chuma safi cha injini. Taa ni lazima iwake. Isipowaka, umeme haufiki kwenye koili. Rudi nyuma kwenye waya, kisha kwenye swichi. Kumbuka kuwa tundu hilo hilo la namba 15 mara nyingi hulisha pia choki ya umeme na kizibo kidogo cha kabureta. Mojawapo ya waya hizo ikichubuka na kugusa bodi, koili hunyang'anywa umeme wake. Zitoe moja moja ujaribu tena.

Hatua ya pili. Hamisha taa ya majaribio uweke kwenye namba 1 ya koili na chuma cha injini, kisha mwenzako azungushe stata. Taa ni lazima iwake na kuzimika, iwake na kuzimika. Hiyo ndiyo kazi ya pointi zilizomo ndani ya distributa: kufunga na kufungua njia ya umeme. Ikiwa taa yawaka tu bila kuzimika, pointi hazifungi, ama zina uchafu, ama nafasi yake ni kubwa mno. Ikiwa haiwaki kabisa, pointi hazifunguki, au waya wake umegusa bodi, au kondensa imekufa ndani, au koili imekatika.

Hatua ya tatu. Fungua kifuniko cha distributa, uzungushe injini kwa mkono kwa spana kwenye puli mpaka pointi zifunguke kabisa. Nafasi yake iwe milimita 0.4. Pointi zikiwa zimepata mashimo na weusi, zibadilishwe. Msasa ni wa kukufikisha nyumbani tu. Paka grisi kiasi cha kichwa cha kiberiti pale pointi zinaposuguana na mhimili. Bila grisi, kisiginio cha pointi hulika upesi, nafasi huziba, na siku moja gari huzimika njiani bila kutoa taarifa.

Hatua ya nne. Chomoa ule waya nene wa katikati ya kifuniko, ushike kwa koleo lenye mpini wa mpira, ncha yake iwe milimita 6 kutoka chuma safi cha injini, mbali na kabureta. Stata ikizunguka, cheche nono ya rangi ya buluu iruke kwa mlio. Cheche nyembamba ya manjano ni dalili ya koili dhaifu au kondensa mbovu. Kondensa mbovu pia huunguza pointi mpya katika siku chache. Kwa kuwa bei yake ni ndogo, ni desturi njema kubadilisha kondensa pamoja na pointi.

Hatua ya tano. Cheche ya koili ikiwa njema na injini bado haiwaki, umeme unapotea mbele: katika kifuniko, rota, waya za plagi au plagi zenyewe. Tazama kifuniko kwa ndani. Mstari mwembamba mweusi kama uzi ni ufa ambao cheche huukimbilia. Hakikisha kijiti cha kaboni cha katikati kipo na chacheza. Plagi ziwe na nafasi ya milimita 0.6 mpaka 0.7, na waya zake ziwe katika utaratibu wa injini hii, yaani 1, 4, 3, 2, kwa kufuata mzunguko wa rota. Wengi hukosea utaratibu huo baada ya kusafisha, gari likapiga mizinga badala ya kuwaka.

Ukibadilisha pointi, saa ya cheche nayo husogea. Irekebishe kwa taa ile ile: iweke namba 1, fungua ufunguo, zungusha injini kwa mkono polepole. Taa iwake pale alama ya puli inapofika mahali pake. Kiasi cha nyuzi hutofautiana baina ya injini na injini, hivyo fuata kitabu cha injini yako.

Cheche ikiwa njema kote na gari bado halitaki, sasa ndipo ugeukie petroli. Na gari linalonguruma vizuri ukikanyaga mafuta, lakini likazimika mara uondoapo mguu, tazama waya wa kile kizibo kidogo cha kabureta. Mara nyingi umechomoka tu.

JOTO NA MVUA

Kuna ubovu unaojificha. Gari huwaka vizuri Mpondwe, hufika mbali, kisha huzimika. Likipumzika nusu saa huwaka tena. Mara nyingi ni koili au kondensa inayokatika ndani ikipata joto. Ubovu huu hupimwa pale pale gari linapozimika, kabla halijapoa. Kwa hiyo beba taa ya majaribio safarini, usiiache nyumbani. Aidha, usiache ufunguo umefunguliwa injini ikiwa imezimika: koili huungua polepole, nawe wasikiliza redio.

Wakati wa mvua, unyevu huingia katika kifuniko cha distributa na juu ya waya za plagi. Ukaushe kwa kitambaa safi, ndani na nje. Gari lililozama majini, kama yalivyozama mengi duniani wakati wa mafuriko, lisiwashwe kabla ya kukaguliwa maungio yote. Bonde la Kasese lenyewe lilipatwa na mafuriko makubwa ya mto Nyamwamba Mei 2013, na tena Mei 2020. Shaba iliyolowa hugeuka kijani. Shaba ya kijani haipitishi umeme ipasavyo. Wazee waliofanya kazi katika mgodi wa shaba wa Kilembe hawahitaji kufundishwa rangi hiyo.

TAA NYEKUNDU SI PAMBO

Ufunguo ukifunguliwa, taa nyekundu ya jenereta iwake. Injini ikiwaka, izimike. Ikikosa kuwaka mwanzoni, balbu imekufa au waya umekatika, na tangu hapo huna mlinzi. Ikiwaka gari likiwa mwendoni, simama mara moja. Katika injini ndogo za kombi, kama ile ya 1600, mkanda unaozungusha jenereta ndio huo huo unaozungusha feni ya kupozea injini. Mkanda ukikatika, si betri tu iliyo hatarini. Injini yote itaungua katika dakika chache. Zima, tazama mkanda, ubadilishe. Kombi isiyobeba mkanda wa akiba na spana yake haijawa tayari kwa safari.

Mkanda ukiwa mzima, pima volti kwenye betri injini ikizunguka kwa kasi ya wastani. Kipimo kiwe kati ya 13.8 na 14.5 au karibu na hapo. Kikibaki 12, jenereta haijazi. Kikizidi 15, regulata imeharibika, nayo itaua betri na balbu.

WAYA ZINAZOUNGUZA GARI

Sasa tumefika kwenye jambo zito kuliko yote. Gari lisilowaka hukuchelewesha; gari lenye waya mbovu laweza kukuteketeza. Katika kombi hizi, waya wa umeme wa kuwashia injini kwa kawaida haupiti katika fyuzi. Ukichubuka ukagusa bodi, hakuna kitu cha kuukata. Huwa mwekundu kama mkaa. Mipira ya petroli nayo ipo karibu, katika chumba kile kile cha injini.

Fyuzi za asili ni vijiti vidogo vyenye utepe wa chuma. Nyeupe hubeba ampea 8, nyekundu 16. Fyuzi ikikatika, imekutaarifu kuwa kuna kosa. Mtu anayezungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara amemnyamazisha mlinzi na kumfungulia mwizi mlango. Fyuzi ikikatika tena na tena, chomoa vifaa vyake kimoja kimoja mpaka umpate mkosaji.

Tazama pia nyongeza. Magari mengi yametiwa redio kubwa, taa za ziada na vichajio vya simu, vyote vikiunganishwa kwa kusokota waya na kufunga kwa utepe. Kila nyongeza na iwe na fyuzi yake karibu na betri, waya wa unene wa kutosha, na ungio lililobanwa au kuchomelewa kwa risasi. Waya unaopita katika tundu la bati uvikwe mpira. Na kwa kuwa panya hupenda kutaga maskani katika gari lililosimama muda mrefu, kagua waya kabla ya kuwasha gari ambalo mwenyewe alikuwa safarini.

Mipira ya petroli ibadilishwe mara tu inapoanza kupasuka, na vibanio vyake vikazwe. Beba kizima moto cha unga mkavu mahali dereva anapofikia. Moto ukitokea, kwanza watu wote watoke na kusogea mbali. Kisha, kama moto ni mdogo, inua kifuniko cha injini kidogo tu na kuupulizia unga. Usimwagie maji: petroli huelea juu ya maji, na magamba ya injini nyingi za aina hii yana madini ya magnesiamu, ambayo yakishika moto hulipuka zaidi kwa maji. Moto ukikushinda, liache gari. Gari hununuliwa.

TAA ZA MPAKANI

Mpondwe ina jambo lake la pekee. Uganda huendesha kwa kushoto, Kongo kwa kulia. Kombi iliyotengenezwa kwa nchi za kulia ina taa za mbele zilizoundwa kumulika zaidi ukingo wa kulia. Ikitumiwa upande wa Uganda, humulika macho ya wanaokuja, na huacha gizani mtembea kwa miguu na mwenye baiskeli walio ukingoni kushoto. Mwenye gari la namna hiyo abadilishe vioo vya taa, asiridhike na kukaza skrubu. Taa moja ikiwa hafifu kuliko mwenzake, usinunue balbu kwanza. Safisha waya wake wa bodi.

KAZI YA NYUMBA NZIMA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Jumamosi moja kwa mwezi yatosha. Baba au mama asafishe vichwa vya betri na kukaza nati zake. Mtoto mkubwa azunguke gari akitaja taa ipi yawaka na ipi imelala. Mmoja anuse chumba cha injini, mwingine abonyeze mkanda kwa kidole na kuona kama umelegea. Yote yaandikwe katika daftari: tarehe, kifaa kilichobadilishwa, na ubovu ulioonekana. Askari akihamishwa kituo, daftari hilo humwachia mkewe na fundi wa jirani habari zote za gari, bila kuanza upya kubahatisha.

Katika sanduku dogo chini ya kiti na viwemo: pointi na kondensa za akiba, rota, plagi moja, mkanda, fyuzi za rangi zote mbili, kipande cha waya, utepe wa kuhami, taa ya majaribio, tochi, na pembetatu ya kuonya wengine. Vyote hivyo haviujazi hata mfuko wa shule.

Na kabla ya kuondoka Mpondwe jioni, jaribu taa zote na kuitazama ile nyekundu. Ikiwa umeme wa gari una shaka, lala Bwera. Kikorongo utaifikia kesho, kwa mwanga wa jua, pamoja na watu wote uliotoka nao.